Kuhamisha CD za Muziki Kwenye Kompyuta: Chagua Programu Inayokiri Ikishindwa

Kama unakaa Kuruwitu, au popote kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, huenda kwenu kuna kasha la CD ambalo halijaguswa tangu redio ya CD ilipokufa. Ndani mna taarab za harusi, bango, nyimbo za Kigiriama zilizorekodiwa kwenye studio ndogo za mjini, kwaya, pengine na mawaidha. Muziki mwingi wa namna hiyo haukuwahi kupandishwa mtandaoni. Nakala uliyo nayo yaweza kuwa miongoni mwa chache zilizobaki, na hewa ya bahari inaila.

Inaila hivi. CD ni plastiki nyangavu yenye unene wa milimita 1.2. Juu yake, upande wa lebo, pana utando mwembamba mno wa alumini uliofunikwa kwa vanishi. Muziki husomwa kwenye utando huo. Vanishi ikichubuka, unyevu wenye chumvi hupenya na alumini huanza kuliwa. Inua CD uitazame dhidi ya taa: ukiona vitobo vya mwanga, hapo pamekwisha kuharibika. Ndiyo maana mchubuko wa upande wa lebo ni wa kuogopwa kuliko mkwaruzo wa upande unaong'aa, ingawa wengi huogopa kinyume chake. CD zilizochomwa kwenye saiba ni dhaifu zaidi, kwani muziki wake umeandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hupauka kwa jua na joto.

Kwa hiyo kazi hii ina haraka yake. Lakini ukiifanya kwa programu isiyofaa utabaki na faili zenye kasoro, nawe huna habari.

Kwa nini programu si zote sawa

CD ya muziki haisomwi kama flashi. Philips na Sony walikubaliana juu ya kanuni zake mwaka 1980 wakifikiria kusikiliza tu. Kunakili hakukuwamo akilini mwao. Kila sekunde ina vipimo vya sauti 44,100 kwa spika ya kushoto na vingine 44,100 kwa ya kulia. Draivu ikikuta uchafu au mkwaruzo, kwanza hujaribu kurekebisha kwa hesabu. Ikishindwa, hukisia: hutazama sauti iliyotangulia na inayofuata, kisha huziba pengo. Kwenye redio hilo halina madhara, wimbo unaendelea. Katika kunakili, kisio hilo linaingia ndani ya faili na kukaa humo daima, ama kama mlio mdogo wa "tik", ama kama sauti iliyofifia mahali pasipotarajiwa.

Programu ya kawaida hupokea chochote inachopewa na draivu, kisha hukuandikia kwamba kazi imekamilika. Programu nzuri husoma sehemu ileile zaidi ya mara moja, hulinganisha, na pale inaposhindwa hukutajia wimbo wa ngapi na dakika ya ngapi.

Kuna jambo la pili, na hili linatuhusu sisi wa pwani kuliko wengine. Wanaonakili CD zilizouzwa duniani kote wana msaada wa AccurateRip, hazina ya mtandaoni inayolinganisha nakala yako na za watu wengine waliokuwa na CD hiyohiyo. Ukiwa na "Mombasa Wedding Special" ya Maulidi & Musical Party, iliyotolewa London na GlobeStyle mwaka 1990, au juzuu ya pili ya mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Kifaransa ya Buda Musique, yenye taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, una matumaini ya kupata wa kulinganisha naye. Ukiwa na CD iliyochomwa nakala chache Mombasa na kuuzwa karibu na stendi, hutampata. Ni wewe na draivu yako. Basi unahitaji programu iwezayo kujithibitisha yenyewe: isome CD mara mbili, mwanzo hadi mwisho, kisha iseme kama masomo yote mawili yamelingana.

Hicho ndicho kigezo kikuu. Sura ya kupendeza, kasi, kujaza majina ya nyimbo yenyewe: yote hayo ni ya baadaye.

Kabla ya kupakua chochote: una CD ya aina gani?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku nzima. Ingiza CD, ifungue kama unavyofungua folda, na utazame kilichomo.

1. Ukiona Track01.cda, Track02.cda na kuendelea, kila moja kilobaiti 1 tu, hiyo ni CD ya muziki hasa. Faili hizo za .cda ni vielekezi, hazina sauti ndani. Ukizikokota hadi kwenye flashi umebeba vielekezi, muziki umebaki. Hii ndiyo CD inayohitaji programu ya kunakilia.

2. Ukiona faili za .mp3, pengine 100 au zaidi, hiyo ni CD ya data. Huhitaji programu ya kunakilia muziki. Nakili na ubandike kama faili nyingine yoyote. Ukitaka uhakika, tumia programu ya TeraCopy kwenye Windows, ambayo inaweza kuhakiki kila faili baada ya kuihamisha. Chukua .mp3 peke yake. Faili kama autorun.inf na nyingine za .exe ziache hapohapo, kwani CD za saiba mara nyingi zilibeba virusi. Wala usizigeuze MP3 hizo ziwe FLAC, muundo wa kubana sauti bila kupoteza kitu ambao nitaueleza chini. Kilichopotea zilipobanwa mara ya kwanza hakirudi.

3. Ukiona folda iitwayo MPEGAV, ndani yake AVSEQ01.DAT, hiyo ni VCD, yaani video. Nyimbo nyingi za Kimijikenda na za injili zilitoka hivyo. Nakili faili za .DAT kwenye kompyuta na uzichezeshe kwa programu ya VLC. Tunza video yenyewe hata kama unachotaka ni sauti: sura za wachezaji na mavazi yao ni sehemu ya kumbukumbu.

Ukiwa na aina ya kwanza, endelea kusoma.

Programu zipi, kwa kompyuta ipi

Laptopu nyingi za sasa hazina mlango wa CD. Tafuta draivu ya nje ya USB, au omba kompyuta ya mezani ya zamani. Kwa kazi hii umri wake si kitu. Kama una draivu mbili, zitunze zote. CD inayogoma kwenye moja hukubali kwenye nyingine mara nyingi kuliko unavyodhani.

*Windows.* Chaguo langu ni Exact Audio Copy, maarufu kama EAC, ya Mjerumani Andre Wiethoff. Ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Sura yake ni ya kizamani na mipangilio yake mingi hutisha mgeni, lakini husoma kwa makini, hurudia mara nyingi pale penye mkwaruzo, hutoa ripoti, na ina kile tunachokitaka hasa: kusoma mara mbili na kulinganisha. CUERipper ni nyepesi kuizoea na huenda ikakutosha kama EAC imekushinda. dBpoweramp ni nzuri na rahisi ila ni ya kulipia.

fre:ac ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ndiyo ningempa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hii na CD zake ni safi. Kwa CD moja isiyopatikana kwingine, bado ningerudi EAC.

*Mac.* Tumia XLD. Ni ya bure, na ina mpangilio wa kuisoma CD kwanza kwa majaribio kabla ya kuinakili.

*Linux.* whipper husoma mara mbili bila kuambiwa, lakini unaiendesha kwa kuandika amri. Ukitaka vitufe, Asunder na Sound Juicer zote hutegemea cdparanoia, chombo cha siku nyingi kinachoaminika kwa CD zenye mikwaruzo.

Na Windows Media Player au iTunes zilizokwishakuwamo kwenye kompyuta? Kwa CD mpya isiyo na doa zitafanya kazi. iTunes ina kisanduku cha kuwasha usahihishaji wa makosa, kiwashe. Lakini zote mbili hazitakuambia wimbo gani umeharibika, na hiyo ndiyo sababu sizipi kazi ya kuhifadhi.

> TAHADHARI
> Matoleo ya zamani ya Windows Media Player hunakili kwa muundo wa WMA, na yana kisanduku cha kuzifunga nyimbo kwa kinga ya kunakili. Kikiwa kimewashwa, nyimbo zako hufunguka kwenye kompyuta hiyo tu. Siku fundi atakapoifuta na kuweka Windows upya, zinaweza kukataa kabisa. Kizime kabla ya kuanza.
>
> Pakua programu kutoka kwa wenyewe: exactaudiocopy.de kwa EAC, freac.org kwa fre:ac. Kurasa nyingine zinazotoa programu za bure huambatisha takataka.

FLAC ya kutunza, MP3 ya kusikiliza

Saa moja ya CD, bila kubanwa, ni megabaiti 600 na zaidi kidogo. FLAC huibana hadi karibu nusu yake, au zaidi kidogo ya nusu, bila kupoteza chochote. Ukiifungua unapata sauti ileile iliyokuwamo. MP3 ya kilobiti 192 itakuwa megabaiti kama 86, lakini imetupa sehemu ya sauti kwa kukisia kwamba sikio halitagundua. Kwenye spika ya tuktuk hutagundua kweli. Ila ukitaka kesho kusafisha mikwaruzo, kutambua maneno yasiyosikika vizuri, au kumpa mtafiti, utaitaka ile kamili.

Nakili mara moja kwa FLAC, kisha tengeneza MP3 kutokana na FLAC. Redio za gari na spika za Bluetooth zenye tundu la flashi nyingi hazisomi FLAC, na nyingi hutaka flashi iwe imeandaliwa kwa muundo wa FAT32.

Hatua kwa hatua kwa EAC

1. Safisha CD. Maji safi na tone la sabuni laini, kitambaa cha pamba, ukifuta kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono. Usitumie petroli, tina wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, huunguza plastiki. Iache ikauke kivulini.

2. Tazama tundu la katikati. Ukiona ufa unaotoka hapo, usiiingize kwenye draivu. Kwa mwendo wa draivu za kompyuta, CD yenye ufa inaweza kupasuka vipandevipande.

3. Chomeka laptopu hadi betri ijae. Stima ikipotea katikati ya wimbo, angalau kompyuta isizimike.

4. Fungua EAC kwa mara ya kwanza ukiwa na CD nzima isiyo na mikwaruzo ndani ya draivu, ili ipime uwezo wa draivu yako. Itakuuliza kama unapendelea usahihi au kasi. Chagua usahihi.

5. Kwenye mipangilio ya kubana, chagua FLAC. Kwenye mipangilio ya draivu, hakikisha imekaa kwenye "Secure". Ikiwa huna hakika kama draivu yako hutoa taarifa sahihi za makosa, zima kipengele cha "C2".

6. Ingiza CD unayotaka kuinakili. Andika majina ya nyimbo sasa, kabla ya kunakili. (Nitalirudia hili chini.)

7. Chagua nyimbo zote, nenda kwenye menyu ya "Action", bonyeza "Test & Copy". Usichague "Copy" peke yake.

8. Subiri. CD safi haichukui muda mrefu. Yenye mikwaruzo inaweza kuchukua saa nyingi. Usiikatishe kwa sababu imekaa sana kwenye wimbo mmoja. Hapo ndipo inapofanya kazi uliyoichagulia.

9. Soma ripoti. Kila wimbo una namba mbili, ya jaribio na ya nakala. Zikifanana, na kando yake pakaandikwa "Copy OK", wimbo umetoka salama. Zikitofautiana, wimbo huo una shida hata kama sikio lako halisikii kitu.

10. Hifadhi ripoti hiyo ndani ya folda ya albamu.

Wimbo ukishindwa: safisha tena, punguza mwendo wa kusoma, jaribu draivu nyingine. Ukishindwa tena, tunza nakala bora uliyopata na uandike wazi kwenye jina la faili kwamba ina kasoro na ni dakika ya ngapi. Kisha uliza jirani, uliza jamaa walio Takaungu au Malindi, kama wana CD hiyohiyo. Mara nyingi mikwaruzo ya CD yao iko mahali pengine, na kati ya CD mbili mbovu unapata albamu moja nzima.

Majina: kazi ambayo programu haiwezi kukufanyia

Programu hutafuta majina ya nyimbo kwenye hazina kama MusicBrainz au gnudb. Kwa CD zetu nyingi hazitapata kitu, au zitapata kitu kisichofaa: hazina za aina ya gnudb hutambua CD kwa idadi na urefu wa nyimbo, kwa hiyo CD ya kwaya ya Kilifi inaweza kupewa majina ya bendi ya Ulaya. Usikubali bila kusoma.

Hata penye taarifa, uwe macho. Chukua mfano wa jina Juma Bhalo. Mwimbaji Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi mwaka 1942, aliyefariki 2014, aliimba mashairi mengi ya binamu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa diwani ya "Malenga wa Mvita" ya 1971. Ukiandika "Juma Bhalo" tu, atakayekuja baadaye hatajua ni nani aliyetunga na nani aliyeimba. Kwenye taarab tofauti hiyo ni kubwa, na programu zote nzuri zina nafasi ya mtunzi mbali na nafasi ya mwimbaji. Zijaze zote mbili.

Panga hivi: folda ya mwimbaji au kikundi, ndani yake folda ya albamu na mwaka kama unaujua, ndani yake nyimbo zikianza na namba, 01, 02, 03. Epuka alama kama ? : na / kwenye majina. Maneno ya Kigiriama au Kichonyi yaandike kama wenyewe wanavyoyaandika, usiyageuze yawe Kiswahili. Kwenye nafasi ya maelezo taja lugha, aina ya ngoma, wapiga ala, na mahali ulipoipata CD. Piga picha jalada la mbele, la nyuma, na CD yenyewe pande zote mbili, uziweke humohumo.

Usikae peke yako na kazi hii. Keti na nyanya au mzee mmoja, mchezeshee wimbo, muulize ni nani huyo, zumari ni la nani, wimbo uliimbwa kwa ajili ya harusi gani. Mwombe ruhusa umrekodi kwa simu anapoeleza, faili hiyo uiweke kando ya wimbo. CD hiyo huenda iko pia kwa mtu mwingine. Anayoyajua mzee huyo hayana nakala. Wavuvi wa Kuruwitu walipounda chama chao cha uhifadhi mwaka 2003, walianzia na kumbukumbu ya wazee juu ya jinsi bahari ilivyokuwa na samaki zamani. Na muziki una wazee wake.

> KABLA YA KUIRUDISHA CD KASHANI
> ☐ Ripoti imesomwa, namba za kila wimbo zimefanana
> ☐ Idadi ya nyimbo ni ileile ya kwenye jalada
> ☐ Umesikiliza mwanzo na mwisho wa kila wimbo
> ☐ Mwimbaji na mtunzi wameandikwa
> ☐ Picha za jalada zimo
> ☐ Nakala ya pili iko kwenye diski nyingine

Sheria na wenye nyimbo

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua matumizi ya haki kwa shughuli binafsi. Kunakili CD yako ili uisikilize nyumbani ni jambo moja. Kujaza flashi za watu kwa malipo, au kuzipandisha mtandaoni, ni jingine, na hilo linahitaji idhini ya wenye haki. Usiitupe CD baada ya kuinakili: ndiyo ushahidi kwamba ulinunua. Na kama msanii yu hai na unamfahamu, mpelekee nakala. Wapo waimbaji wa pwani ambao hawana hata moja ya rekodi zao wenyewe.

Kutunza

Weka nakala mbili, kwenye vifaa viwili, katika nyumba mbili. Moja ibaki kwako, nyingine kwa ndugu aliye mbali na ufuo. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Tumia diski ya nje, na uiweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vinavyonyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. CD zenyewe zisimamishe wima ndani ya makasha yao, mbali na dirisha la upande wa bahari.

Mara moja kwa mwaka, chomeka diski zote mbili na uzihakiki. Kila faili ya FLAC hubeba ndani yake alama ya kuthibitisha kwamba haijabadilika, na programu ya foobar2000 ina kiongezo cha kukagua folda nzima kwa mara moja. Faili ikionyesha kosa, ifute, ichukue ile ya diski ya pili siku hiyohiyo, na uanze kutafuta diski mpya.